Kichwa ni Changu, Barabara ni ya Nani?

Tanga ni mji wa baiskeli, na wenyeji hawaoni ajabu yoyote kwa hilo. Mgeni ndiye anayeshangaa. Mama wa makamo na baibui lake anakata kona ya Ngamiani bila wasiwasi, mtoto kakaa nyuma kwenye keria, kapu la sokoni linaning'inia kwenye usukani. Mzee anakwenda msikitini kwa baiskeli, kofia ya viua kichwani. Mchuuzi anatoka mwaloni Deep Sea na tenga la samaki linalochuruzika maji njia nzima. Helmeti, katika msafara wote huo, utaiona kwa vijana wa mbio wanaojifua asubuhi ya Jumapili, basi.

Swali ni kama hali hiyo iachwe ilivyo. Mwendesha pikipiki analazimishwa na sheria avae kofia ngumu. Wa baiskeli je, aachiwe uamuzi wake? Jambo hili nimelisikia likibishaniwa kwenye benchi la fundi baiskeli, kwenye foleni ya hospitali na kwenye chumba cha walimu. Ninazoleta hapa ni hoja za watu wengi, nimezigawa kwa wanne. Sijawapa majina, msomaji akidhani anamjua mmoja wao, huenda ni kweli, maana kila mtaa unaye. Nami nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MUUGUZI: Niachieni nianze, kwa sababu nyinyi mtazungumza habari za haki na mimi nitazungumza habari za mgonjwa. Majeruhi anayepiga kelele hanitishi sana. Mguu umevunjika, anamwita mama yake, huyo mara nyingi ana muda. Anayenitisha ni yule aliyekuja kwa miguu yake, kaketi kwenye benchi, anasema hajambo, alianguka tu na baiskeli akajigonga juu ya sikio. Ana uvimbe mdogo hapo. Anaomba dawa ya maumivu aende zake. Saa moja baadaye anasinzia, anatapika, na ukimmulika tochi, mboni ya jicho moja imetanuka na haisinyai. Damu inajaa kati ya fuvu na ubongo. Huyo anatakiwa apasuliwe upesi, na si kila hospitali ina mtu wa kuifanya kazi hiyo. Hakugongwa na lori. Aliteleza kwenye mchanga.

MCHUUZI: Pole kwa kazi, dada. Lakini mimi naamka saa kumi alfajiri niwahi samaki, halafu napiga pedeli na tenga mpaka Pongwe. Jua likishapanda kichwa kinachemka chenyewe. Leo nikifunike na plastiki? Na honi ya nyuma nitaisikiaje?

FUNDI: Masikio hayafunikwi, mwanangu. Hiyo unayoiwaza ni ya pikipiki. Ya baiskeli ina matundu, upepo unapita. Ubaya wake hauko huko. Shika hii.

Aliyoitoa chini ya benchi ni helmeti ya mtumba, nyekundu, inang'aa. Fundi anaingiza bisibisi pembeni, anabandua ganda la nje taratibu. Ndani kuna povu jeupe gumu, lile lile linalofungiwa televisheni kwenye boksi. Kutoka tundu la mbele hadi la katikati umepita ufa mwembamba, na pembeni yake povu limebonyea kiasi cha kuingia ncha ya kidole gumba.

FUNDI: Nje huoni hata mkwaruzo. Ndani imekwisha. Kofia hii ilishapokea pigo la mtu huko ilikotoka, ikatupwa, ikaingia kwenye belo, ikaja kuuzwa hapa. Povu likishabonyea halirudi. Sasa wekeni sheria kesho asubuhi: watu watazikimbilia hizi hizi, kwa sababu ndizo za bei yao. Trafiki ataangalia kama umevaa. Hakuna trafiki anayetembea na bisibisi.

Niingie hapa kidogo, maana watu hubishana kuhusu helmeti bila kujua inafanya nini. Kichwa kikigonga lami, fuvu linasimama papo hapo, ubongo ulio ndani bado unakwenda. Kinachoua ni ule usimamaji wa ghafla. Povu linabonyea, na kwa kubonyea linakipa kichwa nafasi ndogo, sentimita mbili hivi, ya kusimama badala ya kusimamishwa. Ndiyo maana helmeti iliyopasuka imefanya kazi yake, na ndiyo maana haifai tena. Kipimo cha Ulaya cha helmeti za baiskeli ni hiki: kichwa cha bandia kinavishwa helmeti, kinaachiwa kutoka kimo cha mita 1.5 hivi kiangukie chuma bapa. Mwendo wake kinapofika chini ni karibu kilomita 20 kwa saa. Huo ni mwanguko wa mtu aliyeteleza kwenye mchanga, yule yule wa Muuguzi. Hakuna lori kwenye kipimo hicho. Nguvu ya pigo hupanda mara nne kila mwendo unapozidi mara mbili, kwa hiyo anayedhani amejikinga na gari la kilomita 80 kwa saa amejidanganya, na anayesema helmeti haisaidii kitu kwa sababu haizuii lori amedanganya wenzake.

MWALIMU: Umeanza vizuri, sasa tuje kwenye takwimu, kwa sababu humo ndimo watu walimopotezana. Mwaka 1989 watafiti wa Seattle, Marekani, waliandika katika New England Journal of Medicine kwamba helmeti inapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 85. Namba hiyo ilizunguka dunia nzima, ikawekwa kwenye mabango, kwenye hotuba za mawaziri, kila mahali. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Julai 1990, jimbo la Victoria kule Australia likawa la kwanza duniani kumlazimisha kila mwendesha baiskeli, mkubwa kwa mdogo. Majimbo mengine yakafuata, na New Zealand ikafuata 1994. Halafu mwaka 2013 idara za serikali ya Marekani zikaiondoa ile asilimia 85 kwenye maandishi yao, kwa sababu tafiti za baadaye hazikuifikia.

MUUGUZI: Zilifikia ngapi?

MWALIMU: Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2016, wa Olivier na Creighton wa Australia, ulijumlisha majeruhi zaidi ya 64,000. Wakapata kwamba kwa waliovaa, uwezekano wa jeraha baya la kichwa ulikuwa chini kwa asilimia 69.

MUUGUZI: Basi hata mkipunguza, mnabaki na zaidi ya nusu. Mimi nikipewa dawa inayopunguza kifo kwa zaidi ya nusu nikaacha kuitoa, kesho mtaniita kwenye kamati ya nidhamu.

MWALIMU: Sikatai. Ila hesabu hiyo inamhusu mtu aliyekwisha kuanguka, aliyefika kwako. Sheria inamhusu kila mtu, pamoja na yule atakayesema basi, yanini tabu hii, akaiacha baiskeli nyumbani akapanda bodaboda. Walipohesabu watu barabarani Melbourne baada ya sheria, wanafunzi wa sekondari wanaoendesha baiskeli walikuwa wamepungua sana. Majeruhi wa kichwa nao walipungua. Sasa umepungua wingi wa majeraha au umepungua wingi wa watu? Na kipindi hicho hicho Victoria ilikuwa inawabana walevi na kufunga kamera za mwendo. Wanabishana mpaka leo.

FUNDI: Mimi nimeelewa hivi: wateja wangu wakipungua, pancha zitapungua. Haina maana tairi zimekuwa imara.

Hiyo ndiyo hoja nzima, na Fundi ameisema kwa maneno machache kuliko majarida yote. Helmeti ni kitu kimoja, sheria ya helmeti ni kitu kingine. Mtu anaweza kuipenda ya kwanza na kuiogopa ya pili bila kujipinga. Wapo wanaoharibu mambo kwa kutoka hapo wakadai kwamba helmeti yenyewe ina madhara. Mwalimu naye alitaka kwenda huko.

MWALIMU: Kuna Mwingereza, Ian Walker, wakati huo wa Chuo Kikuu cha Bath, aliyefunga kifaa cha kupima umbali kwenye baiskeli yake. Matokeo yalitoka 2007: akiwa amevaa helmeti, magari yalimpita karibu zaidi, kwa wastani wa sentimita 8.5. Akavaa na nywele bandia za kike, magari yakampa nafasi zaidi. Dereva akiona helmeti anadhani huyu ni fundi wa barabara.

MCHUUZI: (anacheka) Sentimita nane? Mwalimu, njoo siku moja nikupeleke Pongwe. Lori likikupita hapo hupimi kwa rula, unapima kwa upepo. Nishapigwa pasi na kioo cha basi, nikaenda mtaroni na samaki wangu wote. Kichwa hakikuguswa, bega ndilo liliachia. Dereva hata hakupunguza mwendo. Sasa kesho mje mniambie kosa lilikuwa langu kwa sababu sikuvaa kofia?

MUUGUZI: Hakuna aliyesema kosa ni lako.

MCHUUZI: Mtasema. Sheria ikishakuwepo, swali la kwanza litakuwa hilo. "Alikuwa amevaa?" Hawataanza na mwendo wa gari.

Na takwimu hizo za Walker wengine walizichambua upya wakaziona hazina uzito huo. Nisingejenga nyumba juu yake. Alichosema Mchuuzi kina uzito zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 1.19 hufa barabarani kwa mwaka, na waendesha baiskeli ni kama asilimia 6 yao. Shirika hilo hilo linasema mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia moja tu, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia nne. Lakini kumwambia mwenye gari apunguze mwendo ni kazi. Kumwambia mwenye baiskeli avae kofia ni tamko la asubuhi moja.

MWALIMU: Ndiyo maana mimi huwapa mfano wa Uholanzi. Nilisoma huko. Wana baiskeli zaidi ya milioni 23, nyingi kuliko watu, na helmeti utaziona kwa nadra. Wanakwenda kazini na suti. Na bado kuendesha baiskeli kule ni salama kuliko nchi nyingi zilizojaa helmeti.

FUNDI: Kule wana njia zao, Mwalimu. Kwetu ikichorwa njia ya baiskeli leo, kesho imeegeshwa bajaji, kesho kutwa ina meza ya mihogo.

MWALIMU: Hata kwao haikuanza hivyo. Mwaka 1971 walikufa watu zaidi ya 3,000 barabarani, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Wazazi wakaingia mitaani, wakajiita Stop de Kindermoord, yaani acheni kuua watoto. Kutokana na kelele zile, na mafuta kupanda bei, ndipo serikali ikageuza barabara.

MUUGUZI: Kwa hiyo usiwataje Waholanzi kama ushahidi kwamba kichwa hakihitaji kofia. Wataje kama ushahidi kwamba barabara inajengwa. Miaka mingapi?

MWALIMU: Mingi.

MUUGUZI: Na mgonjwa wangu wa usiku huu asubiri.

Hapo Muuguzi alimpata. Hata Uholanzi yenyewe siku hizi serikali inawahimiza watu wavae kwa hiari, hasa wazee wanaopanda baiskeli za umeme. Kuichukua picha ya Amsterdam ukaibandika kwenye barabara ya Tanga ili kukataa helmeti ni uvivu wa kufikiri, na nimeusikia uvivu huo kutoka kwa watu wasomi.

MCHUUZI: Tuseme yote mnayosema ni kweli. Kichwa bado ni changu. Mkwezi anapanda mnazi kila siku na kamba miguuni, hamjamletea kofia. Mvuvi anakwenda bahari kuu bila jaketi. Kwa nini mimi?

MUUGUZI: Mdogo wangu, kichwa ni chako siku unaanguka. Siku ya pili ni cha mkeo. Wodini kwetu mgonjwa aliyepoteza fahamu anageuzwa kila baada ya muda ili asitoke vidonda, na anayemgeuza mara nyingi ni ndugu. Uji anapika ndugu. Nauli ya kuja na kurudi anatoa ndugu, mwisho wanauza hiyo hiyo baiskeli. Ukisema "mimi nimechagua", umewachagulia na wao.

Mchuuzi hakulijibu hilo moja kwa moja. Alisema mkwezi naye ana mke. Nadhani jibu hilo lina nguvu kuliko alivyolitoa: tukianza kumtoza faini kila mtu ambaye ndugu zake watamuuguza, hatutaishia kwenye baiskeli. Nchi zinazojisifu kwa uhuru nazo zimeyumba hapa. Uingereza, mwaka 1976, ilibidi bunge litunge sheria ya kumruhusu Singasinga mwenye kilemba aendeshe pikipiki bila helmeti. Je, ushungi? Je, kofia ya viua? Hayo yakifika Tanga yatahitaji majibu kabla ya karatasi ya faini kuchapishwa.

FUNDI: Mnasahau jambo moja. Sheria tunayo ya pikipiki, na tumeona inavyofanya kazi. Kijana wa bodaboda helmeti kaivika kwenye kiwiko. Akiona sare nyeupe mbele, anaipachika kichwani, mkanda haufungi. Akishapita, inarudi kwenye kiwiko. Ya abiria inanuka jasho la watu wa wiki nzima, mwanamke aliyesuka hawezi kuigusa. Kofia zipo, vichwa viko wazi.

MUUGUZI: Wapo wanaozifunga, mzee wangu. Na hao siwaoni wodini.

FUNDI: Kweli, wapo.

MWALIMU: Mnaukumbuka ule mji wa Seattle, uliotoa asilimia 85? Eneo lake, King County, lilipitisha sheria ya helmeti 1993. Februari 2022 bodi yao ya afya ikaifuta. Unajua kwa nini? Hawakusema helmeti haifai. Waliangalia nani anaandikiwa faini. Zaidi ya asilimia 40 ya zile za miaka ya karibuni waliandikiwa watu wasio na makazi, na Weusi walikuwa wanaandikiwa mara karibu nne kuliko Wazungu. Polisi walipata sababu ya kumsimamisha waliyetaka kumsimamisha.

MCHUUZI: Na hapa atasimamishwa nani? Yule kijana wa mbio mwenye kaptura ya kubana? Nitasimamishwa mimi na tenga langu, samaki wakiwa juani. Kabla sijaulizwa helmeti, nimeshatoa wawili wakubwa.

Hapa ndipo ninapoegemea upande, na sioni sababu ya kuficha. Mtu mzima aachiwe uamuzi wake. Sisemi hivyo kwa sababu ya kaulimbiu ya "kichwa ni changu", ambayo Muuguzi ameshaivunja. Nasema hivyo kwa sababu najua mkono wa sheria hiyo utamwangukia nani: mwenye baiskeli ya kazi, ambaye helmeti ya uhakika inagombana na tairi, tyubu na raba za breki kwenye mfuko mmoja. Na raba za breki zikisubiri, hatujaokoa mtu. Zipo nchi zilizopata njia ya katikati. Japani tangu Aprili 2023 sheria inamtaka kila mwendesha baiskeli ajitahidi kuvaa, bila adhabu yoyote. Sheria isiyo na faini inaonekana kama kichekesho kwetu, lakini inamruhusu mwalimu na muuguzi kusema "sheria inataka" bila kumpa mtu kitabu cha risiti.

Mtoto ni habari nyingine. Yeye hajachagua kitu, amepakiwa. Sweden inawalazimisha walio chini ya miaka 15 tangu 2005, Ufaransa walio chini ya 12 tangu 2017, na Ufaransa faini inamwangukia mtu mzima aliyempakia. Nilidhani benchi zima lingekubaliana kwenye hili. Fundi akanitibua.

FUNDI: Mtoto wa kwenye keria anaumia mguu kabla hajaumia kichwa. Nimewatoa hapa kwa koleo. Kisigino kinaingia kwenye spoki, baiskeli inakwenda, ngozi yote inavuliwa mpaka mfupa. Mama anamshika kifua, anadhani amemaliza. Mtoto anahitaji pa kukanyagia na wavu wa kufunika spoki. Kipande cha wavu na waya, nafunga kwa muda wa kunywa chai. Hakuna aliyekuja kuniuliza sheria ya wavu.

MUUGUZI: Hilo ni kweli kabisa. Visigino tunavipata. Lakini kisigino kinapona, Fundi.

FUNDI: Kinapona na kovu. Nasema tu vyote viwili.

MWALIMU: Na abiria je? Shinyanga baiskeli ni daladala, mtu anakaa nyuma kwa nauli kama gari. Huyo achague nini, na kofia hana?

MCHUUZI: Huyo achague kutembea.

Walicheka, wakaliacha. Mimi ningemweka pamoja na mtoto: anayebeba watu kwa malipo amekwishatoka kwenye mambo ya kichwa chake mwenyewe.

MWALIMU: Muuguzi, nikuulize la mwisho. Halmashauri inakupa fungu moja la fedha. Ama helmeti mpya, zisizo na ufa, kwa wanafunzi wote wa baiskeli wa kata yako, ama matuta na vivuko mbele ya kila shule. Kimoja tu.

MUUGUZI: Matuta.

MCHUUZI: Dada! Umenigeuka au umenifuata?

MUUGUZI: Sijamfuata mtu. Tuta linamkinga na anayetembea kwa miguu, na hao ndio wengi kwangu. Halafu kesho yake nitarudi hapo hapo halmashauri kuomba helmeti, na wewe nitakuja kukupimia kichwa.

MCHUUZI: Uje na bei.

FUNDI: Na mje na wavu.